Fundi Patrobas na Diodi Zenye Ubaguzi

Kaloleni nzima ina injinia mmoja tu, na usipomjua atajitambulisha mwenyewe! Patrobas huyo. Hata pasi huipapasa kwanza akafumba macho, eti anasikiliza umeme.

Bi Rufaida wa duka la vitambaa alikuwa na chumba kitupu ubavuni mwa duka lake. "Fufua hii amplifaya ya harusi ya mwanangu Lela kabla ya adhuhuri," alisema, "na chumba ni karakana yako." Moyo ukamwenda mbio Patrobas! Miaka sita ametengenezea watu redio chini ya ngazi, akimwagiwa maji ya kudeki.

Akaifungua, akang'oa diodi nne, vidude vyeusi visivyozidi punje ya mchele.

"Mama, kazi ya diodi ni kupitisha umeme. Isiyopitisha, tupa!"

Akapima kwa mita. Mshale ukaruka. Akageuza waya, mshale ukalala.

"Mbovu! Yapitisha upande mmoja tu. Ubaguzi gani huu?"

Ya pili hivyo hivyo. Ya tatu pia. Zote akazitupa ndooni. Ya nne, lo! Mshale uliruka huku, ukaruka na huku. Patrobas akaibusu.

Wavinya, fundi wa simu aliyekuja kununua kitambaa, akashindwa kuvumilia. "Kaka, diodi nzima ndiyo hupitisha upande mmoja. Hiyo ya kote kote imekufa!"

"Zii! Dada, rudi kwa simu zako. Hapa ni mambo ya stima kubwa."

Akafungua mkebe wake wa akiba, akatoa diodi tatu zenye tabia ile ile njema, akachomelea. Kisha akawaita majirani waje washuhudie. Akawasha.

Mmmmm! Paap! Fyuzi ikaenda na taa za duka zikaifuata.

"Inapasha moto tu," alisema Patrobas, jasho likimchuruzika.

Wavinya aliziokota zile tatu ndooni, akaongeza moja ya mkobani mwake, akabadilisha fyuzi. Adhuhuri haijaadhiniwa, taarabu ilikuwa ikitikisa vioo! Bi Rufaida akampa Wavinya ufunguo wa kile chumba huku akipiga vigelegele.

Patrobas akakusanya vyombo vyake, uso chini, roho ikimuuma kwelikweli.

"Unaenda wapi, kaka?" Wavinya akamvutia kiti. "Kaa unipimie diodi. Kila utakayosema ni mbovu, niwekee hapa niitumie."