Maazimio ya Waliopona

Jumatatu, 3 Machi 2025
Daktari Mutoni ametugawia dodoso lililotoka Korea. Linawauliza waliopona saratani kuhusu chakula, pombe, matembezi, usingizi. Kwanza inabidi tulijaribu hapa wilayani Rusizi: kila mtu ajibu sasa, ajibu tena baada ya wiki mbili, majibu yafanane. Atakayefanya kazi nzuri ataongozana naye Seoul. Tuko wawili. Mwenzangu Christophe-Aimé ameanza kupanda vilima vya Nzahaha, nyumba kwa nyumba. Maskini! Hapa mjini Cyangugu kuna chama cha waliopona, wanakutana kila Jumatano. Nitawamaliza kwa kikao kimoja.

Jumatano, 5 Machi
Maman Nsimire, mwenyekiti, alisema hakuna anayejibu kabla ya réunion, yaani kikao cha wote. Wakajadili kila swali, wakapiga kura. Imepita: hakuna anayekunywa, wote wanatembea kila siku, hakuna anayeogopa ugonjwa kurudi. Mzee Ladislas alitaka kusema anakunywa bia moja Jumapili. Akaambiwa asivunje umoja. Majibu yamefanana kama mifuko ya saruji ya kiwanda cha Muganza. Nimenunua sweta, maana Seoul kuna baridi.

Jumatano, 19 Machi
Balaa. Walikutana tena bila mimi. Maman Nsimire alinieleza kwa upole: "Papa Ndizeye, tukisema tuko bazima, nani atakuya kutusaidia?" Azimio jipya: wote wanakunywa kila siku, hakuna anayetembea, hakuna anayelala. Nilibembeleza. Chama kimeshakata shauri, alisema. Mzee Ladislas alifurahi kuruhusiwa bia yake. Akaambiwa moja haitoshi.

Ijumaa, 21 Machi
Daktari Mutoni aliuliza inakuwaje watu wote waanze ulevi kwa pamoja. Nilisema labda ni mvua. Christophe-Aimé alikohoa. Nimepewa nafasi ya mwisho: nimfuate kila mtu nyumbani kwake, akiwa peke yake. Sawa. Seoul siiachi.

Jumatatu, 24 Machi
Nimeanza na Mzee Ladislas. Bia ni moja tu, Jumapili. Nikauliza kama anaogopa ugonjwa kurudi. Akasema anaogopa kila siku, na tangu apone hakuna aliyemuuliza akiwa peke yake. Nilimhurumia, nusura nilie. Jibu la kweli kabisa! Lakini limenilia mchana mzima, na waliobaki ni wengi.

Nimewaza njiani. Kosa halikuwa kikao. Kosa ni kuwaachia kura. Kesho naenda Nzahaha kuanzisha chama kipya. Mwenyekiti ni mimi, na azimio nimeshaliandika: wote wanakunywa bia moja Jumapili, na wote wanaogopa.