Shawa ya Mama Anastasia

Jumatatu, 13 Aprili

Mke wangu amepiga simu kutoka Mwananyamala, kwa binti yetu Anastasia, alikokwenda kuuguza goti. Daktari kamkataza kuinamia ndoo. Anarudi Jumapili. Akikuta anaweza kuoga amesimama, atabaki. Akikuta ndoo, atageuza na bajaji ileile, na safari hii atabeba cherehani yake. Cherehani! Mwanamke akishachukua cherehani, hajaenda kutembea, amehama. Miezi miwili sasa nakula mkate na chai, na nyumbani haisemi ila saa ya ukutani.

Sina wasiwasi. Tangi langu ni la lita elfu mbili, limekaa juu ya kozi tatu za tofali. Jirani yangu Shomari, fundi bomba, ana pipa la lita mia mbili juu ya nguzo za mirunda mirefu kama mnara wa msikiti. Nikamfahamisha kuwa maji mengi ni mazito, na uzito ndio msukumo. Akajibu kwa adabu, maana shikamoo yake hainikosi hata siku moja: "Mwalimu, maji hayajui unene. Yanajua kimo tu." Nimeyaandika ili niyakanushe.

Jumanne, 14 Aprili

Nimefunga shawa. Nimejaza tangi. Nimefungua. Tone. Kisha tone. Kama mtu anayelia kwenye msiba wa asiyemjua. Ng'ambo ya ukuta, shawa ya Shomari ilichachatika kama muhogo kwenye mafuta.

Kaja, kapima kwa macho. Shawa yako iko sawa na mdomo wa tangi, akasema, sasa maji yateremke kutoka wapi? Akajitolea mirunda minne, bure. Nimekataa. Mnara utaonekana mtaa mzima, na mtaa mzima utajua nani alikuwa sahihi.

Jumatano, 15 Aprili

Nimepata! Kama kinachotakiwa ni kimo, tangi si lazima lipande. Bafu lishuke! Hakuna atakayeona. Nimevunja sakafu, nimechimba hadi kifuani. Mgongo umekufa. Wingu limetanda.

Alhamisi, 16 Aprili

Shimo limejaa maji ambayo hakuna aliyeyamimina. Vingunguti huku bondeni, masika yakianza, maji yako chini ya godoro. Kipawa, kabla hatujahamishwa kupisha uwanja wa ndege, ungechimba ukachoka na mchanga ungali mkavu. Tulikuwa na bomba uani, na Mama Anastasia akifua aliimba nyimbo za kwetu Bukoba. Huku hajaimba hata mara moja. Miaka yote hii.

Nimechota maji. Yamerudi. Nimekata nusu tangi jingine kuukuu lililokuwa uani, nikachota tena upesi, nikalitumbukiza shimoni na kulishindilia udongo pembeni. Beseni la kuogea! Ndani kavu kabisa.

Ijumaa, 17 Aprili

Shawa nimeishusha. Ukisimama mlangoni iko usawa wa goti, ukisimama ndani ya beseni iko juu ya kichwa. Nimefungua. Imechachatika! Nusura nilie.

Nikamwita Shomari aje ashuhudie. Kachungulia muda mrefu. "Mwalimu, hiki kitu kitupu, na chini kuna maji. Maji hayakubali, yatakisukuma juu. Kitoboe, au kipakie mawe." Nikikitoboa, maji yataingia. Nikikipakia mawe, Mama atasimama wapi? Akauliza na maji machafu yatatokaje. Kwa kopo, nikamjibu. Maswali ya mtu asiyesoma.

Jumamosi, 18 Aprili

Mvua kutwa. Leo ndipo nimekumbuka goti. Atashukaje? Nimetia kigoda ndani. Kitatosha. Kitatosha?

Saa kumi beseni liliguna, kama mgonjwa anayejigeuza kitandani. Nimelipuuza.

Jumapili, 19 Aprili

Saa nne asubuhi nilikuwa naoga, ili anikute msafi. Povu kichwani. Udongo ukaachia kwa kishindo, kama kizibo cha chupa. Tukaanza kupanda, mimi, beseni na kigoda, polepole, kwa heshima zote, mpaka shawa ikawa inanimwagia magotini.

Bajaji ikasimama nje. Mlango wa bafu ukafunguliwa. Nilikuwa juu ndani ya beseni, nimeshika taulo, kichwa kinagusa bati.

"Baba Anastasia," akasema, "unakwenda wapi?"

Nikajifunga taulo. Akamwambia dereva asizime injini. Akaingia chumbani, akatoka na cherehani kifuani, anachechemea.

Hapo Tunu, mke wa Shomari, akamwita kutoka ng'ambo ya ukuta. Dada, umetoka safari, njoo uoge kwanza. Akaweka cherehani mlangoni, akaenda. Nikasikia maji yanachachatika. Kisha nikasikia wimbo. Ule wa Kipawa, ubeti wa kwanza na wa pili. Nilikaa kwenye beseni langu nikisikiliza hadi povu likanikaukia.

Bajaji iliondoka tupu.

Jumatatu, 20 Aprili

Mama amenipa mpaka Alhamisi. Analala kwetu, anaoga kwa Tunu. Cherehani iko palepale mlangoni, imefungwa kamba.

Nimekubali mnara. Shomari ameleta mirunda minne, kesho anaisimamisha. Akaniamkia shikamoo kama kawaida, na hilo ndilo lililoniuma.

Ila nimeitazama vizuri mirunda hii. Ni mirefu mno. Tangi langu lina maji mara kumi ya pipa lake, kwa hiyo nusu ya kimo inatosha, na mtaani haitaonekana sana. Hesabu iko wazi. Nitaikata asubuhi kabla hajafika.

Msumeno nimeuazima kwake. Hakuuliza wa nini.