Tangi Lililofaulu kwa Asilimia Mia

Jumatatu saa nne asubuhi, serikali iliutangazia umma kwamba sheria zake mbili za afya zimefaulu kwa asilimia mia moja, na kwamba wananchi watakaoendelea kuharisha watakuwa wanafanya hivyo kwa hiari yao wenyewe.

Tangazo hilo liliandikwa na Mkurugenzi wa Tathmini ya Athari za Sheria kwa Afya ya Umma, mtu makini aliyevaa tai hata Jumapili. Tathmini ilimchukua miezi mitatu na semina sita. Sheria ya kwanza iliamuru kila soko liwe na tangi la kunawia mikono. Akakagua: tangi lipo. Sheria ya pili ilipiga marufuku maji kukaa kwenye chombo chochote sokoni, yasije yakazaa mbu. Akachungulia: tangi kavu, hata buibui kahama. Zote mbili zimetekelezwa! Alisisimka mpaka akapiga picha.

"Sasa watu wananawa na nini?" aliuliza Mama Mvuke, mpishi ambaye kibanda chake kilitazamana na tangi hilo.

"Mama, dodoso halina swali hilo."

"Mume wangu yuko zahanati tangu jana. Kakauka, kabaki macho. Hilo nalo halimo?"

Mkurugenzi alipekua kurasa zote kumi na nane kwa uaminifu. "Halimo," alisema kwa upole. "Ila kuna nafasi ya maoni. Mistari miwili."

"Mume wangu haenei kwenye mistari miwili, mkubwa."

Siku ya pili baada ya tangazo, Waziri alifika sokoni kuzindua mafanikio. Mbele ya waandishi wa habari alijipaka sabuni mpaka viwikoni, akafungua bomba la tangi. Bomba likakohoa, likanyamaza. Waziri akamgeukia Mkurugenzi na kumtazama kwa lile jicho ambalo kila mtumishi wa umma analijua.

"Leteni maji!" Mkurugenzi akafoka. "Jazeni tangi!"

Ndoo ilikuwa imeshafika juu ya tangi alipojitokeza afisa wa mbu, mzee mfupi aliyebakiza miezi miwili kustaafu, na kwa hiyo hakumwogopa mtu. Aliitwaa ndoo, akaimwaga chini yote.

"Kifungu cha tisa cha sheria ya maji," alisema. "Anayeamuru tangi lijazwe atatumikia siku tatu katika zahanati iliyo jirani. Nani kaamuru?"

"Mimi sijasema neno," Waziri aliwahi kujibu. "Nilinyoosha mikono tu."

Akafuta povu kwa leso, akapeana mikono na nusu ya soko, kisha akaketi kula nyama kwa vidole.

Zahanati aliyopelekwa Mkurugenzi ilikuwa na vitanda kumi na viwili na wagonjwa arobaini na mmoja. Dada muuguzi hakuwa na muda wa kuisoma barua ya utambulisho ya Mkurugenzi. Alimpa ndoo mbili.

"Hii ya kuingiza, hii ya kutoa. Usije ukazichanganya, bosi."

Siku ya kwanza Mkurugenzi alitapika mara tatu, akaivua tai. Siku ya pili alimnywesha mume wa Mama Mvuke maji ya chumvi na sukari, kijiko baada ya kijiko. Aliogopa akisita kidogo tu mtu huyu atamponyoka. Mama Mvuke alipoleta uji alimkuta amempakata mumewe kichwa. Akammiminia naye kikombe.

Siku ya tatu Mkurugenzi alikabidhiwa daftari la wagonjwa. Asubuhi hiyo gari jeusi likaingia kwa lango la nyuma, na Waziri akateremka amejikunja, kajifunga shuka kiunoni.

"Usiniandike," alinong'ona. "Tulishatangaza kwamba..."

"Asiyeandikwa hapati dripu, mheshimiwa. Ni mwongozo wako, ukurasa wa nne."

"Niandike basi! Upesi!"

"Cheo?"

"Cheo cha nini na mimi nakufa, wewe!"

Mkurugenzi akaandika kwa herufi kubwa jina, cheo, wizara, na safari za chooni tangu alfajiri: kumi na saba. Kwa kuwa vitanda vilijaa, Waziri alilazwa mzungu wa nne na mume wa Mama Mvuke, ambaye sauti ilikuwa imeanza kumrudia.

"Ndugu yangu," alisema, "hebu sogeza miguu."

Waziri akaisogeza. Wasaidizi wake hawakuwahi kumwona akitii kwa haraka namna ile.

Jioni, akiwa bado na sindano mkononi, alitia saini marekebisho ya sheria yaliyoandikwa nyuma ya karatasi ya dawa: tangi lijazwe, lifunikwe, lioshwe kila wiki. Mkurugenzi aliyapeleka yachapishwe kama yalivyo, bila kubadili hata nukta. Hivyo gazeti la serikali likatoa amri hiyo pamoja na utambulisho wa aliyeitoa, kama ulivyosomeka kwenye karatasi: Mgonjwa namba arobaini na mbili, kuharisha, hali inaridhisha.