Shirikandi Yenye Harufu ya Udi

3 Novemba, Jumatatu
Tangu binti yetu Rahaf aolewe Salala, nyumba imepooza. Mke wangu Ghaliya hali chakula. Hupangusa mlango wa chumba cha mtoto, hurudi kukaa. Nimemletea halua, hakuigusa. Jioni kaja ndugu yake, Maan, na kulfi, aiskrimu ya Kihindi ya kijiti, kutoka dukani. Kaila yote! Na tabasamu juu! Halua ya mume wameila sisimizi. Sikubali.

4 Novemba, Jumanne
Nimekumbuka! Ghaliya husimulia habari za jirani yao Mhindi kule Unguja, aliyekuwa akiwapa watoto shirikandi, mtindi mzito mtamu wa baridi, siku za sikukuu. Nimekwenda sokoni Matrah kwa muuza viungo. Kasema kazi ndogo: ning'iniza mtindi ndani ya kitambaa chepesi usiku kucha, maji yachuruzike, kisha tia sukari, iliki na zafarani, weka kwenye friji. Kitambaa nimekipata sandukuni, laini, hakina kazi. Nimekining'iniza bafuni na mtindi wake. Akili ni nywele, kila mtu ana zake.

5 Novemba, Jumatano
Balaa! Maan kanipitia alfajiri twende msikitini, kaingia bafuni kutia udhu. Katoka kichwa kimelowa, analalamika kuwa dari linavuja maziwa. Ghaliya kaenda kutazama. Kaniuliza polepole kama hicho si kilemba changu cha harusi, anachokifukiza udi miaka yote hii.

Kumbe!

"Nna mume au nna mtoto mie?" Kisha kajifungia chumbani kwa Rahaf. Maan kacheka mpaka kapaliwa. Shirikandi nimeichanganya peke yangu, roho inaniuma. Nimeitia kwenye friji, zafarani isipotee bure.

6 Novemba, Alhamisi
Nimeamshwa na mlio wa kijiko. Ghaliya jikoni, bakuli mkononi! Kasema shirikandi inanukia udi. Inanukia siku tuliyooana, nilipotetemeka mpaka kilemba kikanishukia machoni. Kacheka, kalia, kala tena. Kanilisha kijiko kimoja. Kasema anamwombea Rahaf naye awe kapata mjinga wa kumpenda hivi. Nampenda mwanamke huyu, basi tu.

7 Novemba, Ijumaa
Siri nimeijua: si zafarani, ni kitambaa! Wiki ijayo Rahaf anakuja na mumewe. Maan nimemwalika, ajionee mwenyewe. Nitatengeneza ndoo nzima. Kilemba hakitatosha. Ghaliya katoka kidogo, na shela yake ya kijani ya harusi ilikuwa juu ya kabati. Nimeshaishusha. Inanukia udi vilevile.