Boya la Mzee Brekke

Halvor Brekke aliiona pete kabla hajamwona mwenye pete. Ilikuwa ikipanda na kushuka pamoja na kijiko cha supu ya samaki, jiwe lake likirusha mwanga mpaka kwenye dari ya meli, na Halvor akamshukuru Mungu kimoyomoyo kwa kuumba wajane. Ndipo akainua macho. Mama wa miaka sabini hivi, koti jipya la mvua, vidole vyenye makovu madogo madogo ya kuungua. Huyu kapika sana maishani, aliwaza, akahamisha sahani yake.

Tusimwonee mtu: Halvor hakuwa mwizi. Mwizi huchukua, Halvor alipewa, tena kwa kubembelezwa. Kila kiangazi alipanda mojawapo ya hizi meli ndogo zinazopeleka watu sitini, wenye darubini na magoti mabovu, kwenye ghuba za Alaska zisizo na barabara, wakatazame dubu na barafu. Mtaji wake wote ulikuwa boya moja la kioo, la kahawia, kubwa kama chungwa, mojawapo ya yale ambayo wavuvi wa Japani walifungia nyavu zao zamani. Lilikatika, likavuka bahari, na baba yake akaliokota mwaka ule ule Halvor alipozaliwa. Mzee alitembea nalo mfukoni mpaka siku ya kufa, na ndicho kitu pekee alichomwachia mwanawe. Halvor angeuza meno yake kabla ya kuliuza boya lile. Kwa hiyo aliliuza kila safari, na kila safari akalirudisha.

Siku ya tatu walipelekwa pwani kwa boti za mpira. Halvor alitangulia kidogo, akalidondosha kati ya magogo yaliyotupwa na bahari, kisha akamshika mkono Bi Wanda Kosiak asije akateleza. Waliliona pamoja, sekunde moja, kama watu waliopangiwa na malaika. Waliporudi melini, mtaalamu wa safari akaligeuzageuza akasema ni la kweli kabisa, tena rangi hiyo ni adimu. Sasa likaja swali ambalo Halvor alilijua vizuri kuliko sala ya asubuhi: kitu cha mviringo kilichookotwa na wawili hugawanywaje?

"Lichukue wewe, mama," alisema kwa uchungu wa kupendeza. "Baba yangu aliyatafuta haya maisha yake yote. Lakini mimi ni nani?"

"Siwezi kukudhulumu, mwanangu." Bi Wanda alilizungusha boya polepole, akalitazama upande mmoja kwa muda mrefu. "Humu melini sina kitu ila hii pete ya marehemu. Ukiichukua kwa nusu yako, moyo wangu utatulia."

Halvor alikataa mara mbili, kama adabu inavyotaka. Mara ya tatu pete ilikuwa tayari mfukoni.

Kilichobaki kilikuwa kazi ndogo. Vyumba vya meli hizi havina kufuli. Watu wa kaskazini huona kumfungia jirani mlango ni sawa na kumtukana. Halafu pale penye ngazi ya kushukia kuna ubao wa vibati, kila abiria na namba yake. Ukishuka pwani unageuza chako kiwe chekundu, ukirudi unakigeuza kiwe cheupe. Ubao ule hausemi uongo, maana ukisema uongo kuna mtu ataachwa alale na dubu. Halvor aliuamini kuliko alivyoiamini Biblia.

Siku ya mwisho ya kushuka, tumbo likamuuma ghafla. Alijilaza mpaka boti za kwanza zikaondoka, akaenda kwenye ubao. Namba 31, ya Bi Wanda: nyekundu. Akaingia chumbani kwake bila haraka, akachukua boya la baba yake, akaacha jingine linalofanana nalo. Hayo ya bandia aliyaagiza kwa katoni. La kweli akalitia kwenye soksi, soksi kwenye buti, buti chini ya kitanda. Tumbo likapona. Alipanda boti ya mwisho, akageuza kibati chake kikawa chekundu, akaenda kuimba mbele ya barafu.

Jioni, serahangi Delbert, mkuu wa mabaharia, aliwasimamisha watu wasile kwanza.

"Leo kuna mtu kageuza kibati kuwa chekundu, halafu akabaki humu humu anakunywa chai na nahodha," alisema. "Mimi niko pwani nahesabu vichwa kwenye mvua, nadhani dubu kashiba. Simtaji. Ni mtu mzima, anajijua."

Watu walicheka. Halvor alicheka kuliko wote, akaongeza siagi kwenye mkate.

Asubuhi walifika gatini. Halvor alipapasa soksi, mviringo mgumu ukamjibu, akashuka na mzigo wake akiwa na furaha ya mtu mwenye haki. Bi Wanda alimkumbatia, akamtilia kibati chake namba 31 kiganjani. Abiria huruhusiwa kuondoka navyo, viwe kumbukumbu.

"Umelifunga vizuri boya letu, mama?"

"Vizuri sana. Unajua nililipendea nini? Limeng'aa upande mmoja, pale mtu anapolaza kidole gumba. Mchanga hauna gumba, mwanangu."

Akaingia kwenye gari la uwanja wa ndege. Halvor alibaki ameshika kibati, upande mwekundu juu. Delbert alikuja akasimama kando yake, akipunga mkono.

"Nampenda yule mama, hata kama kaniharibia hesabu jana," alisema. "Miaka thelathini na nne kapuliza vioo kiwandani, Toledo. Hata ile pete yake kaitengeneza mwenyewe. Kioo kitupu, huwezi kujua."

Halvor alikuwa amepiga magoti gatini, anavuta soksi kutoka kwenye buti. Chumba chake nacho hakikuwa na kufuli, na kibati chake yeye kilikuwa chekundu kweli.

Lilikuwa boya la kahawia, zuri, jipya, la katoni. Gari lilikuwa limeshakata kona. Angemwita polisi, angemwambia nini? Alikaa juu ya mzigo wake, boya mkononi, na gumba lake likaanza kulizunguka, juu, chini, ubavuni, likitafuta mahali pake. Lilitafuta mpaka meli ikaanza kupakia abiria wengine.