Njia ya Baiskeli ya Bluff Iko

(Maneno kamili ya Président Léonard Mwilambwe, Jumapili baada ya ibada, kwenye maegesho ya magari ya ufukweni, Bluff, Durban.)

Mheshimiwa mimi mwenyewe, Président wa Baraza Kuu la Uratibu, Usimamizi na Uendelezaji wa Baiskeli kwa Wasemaji wa Kiswahili wa Durban Kusini. Mheshimiwa Secrétaire Général wangu, Fabien Nduwimana, aliyebeba abiria kwa baiskeli Bujumbura miaka tisa bila kumwangusha hata mmoja aliyelalamika. Waheshimiwa wachungaji wa Clairwood, mliofika na mliotuma maombi peke yake. Wazee wa Cato Manor mliovuka mji mzima na viti vyenu kichwani. Ndugu zetu Warundi mkono wa kushoto, ndugu zetu Wakongomani mkono wa kulia, na ndugu zetu Watanzania, ambao kama kawaida yenu mmekaa penye kivuli mnasubiri tukosee. Mheshimiwa mlinzi wa magari wa maegesho haya, ndugu yetu wa Bukavu. Na zile meli kumi na moja mnazoziona pale nje, ambazo nimeambiwa zinasubiri zamu ya kuingia bandarini lakini mimi nasema zimesimama kwa heshima: itifaki imezingatiwa, na pale ambapo haikuzingatiwa, Secrétaire Général ataizingatia baadaye kwa maandishi. (Makofi. Mlinzi wa magari anainama, kisha anarudi kuelekeza gari la mtu.)

Ndugu wananchi na ndugu wageni, kwa maana ya kwamba sisi sote ni wageni, leo tumekusanyika katika mazingira wezeshi kuzindua Njia ya Baiskeli ya Clairwood–Jacobs–Bluff, njia ya kwanza ya aina yake kuratibiwa na watu wa aina yetu, ambayo kwa mujibu wa feasibility study niliyoifanya, nikaisoma na nikajipongeza, itamtoa mwananchi wa kawaida kutoka mlangoni kwake hadi kazini kwake huku akipigwa na upepo safi wa bahari, bila foleni, bila kupanga mstari wa taxi, na bila kubanwa na magunia ya watu. Nawashukuru wote mliofika kwa wingi na vélo zenu. (Nyuma ya umati, watu wanaendelea kushusha baiskeli kutoka juu ya paa za mabasi madogo matatu ya taxi.)

Mradi huu si wa wakubwa. Mradi huu ni wa mama huyu hapa mbele, Maman Huguette, naomba usimame wakuone. (Mama Huguette tayari amesimama. Amevaa kofia ya baiskeli na ameshika usukani.) Mama huyu anakaa Clairwood na anasuka nywele kwenye saluni ya hapa Bluff. Taxi zimemchelewesha mara tatu mwezi huu, na bosi wake amesema akichelewa mara ya nne kiti chake anapewa mtu mwingine. Mara ya nne ni kesho, kesho ikiwa mbaya. Lakini kesho haitakuwa mbaya, kwa sababu kesho saa moja kamili asubuhi Maman Huguette atakuwa ameshafika, amefungua mlango, na amekaa anamsubiri bosi. Hiyo ndiyo tunaita impact. (Makofi marefu. Mama Huguette ananyoosha mkono: "Merci, Président. Mi naomba tu kujua, njia inaanzia wapi?")

Swali zuri. Njia iko. (Bupe, Mtanzania, kutoka kivulini: "Iko wapi, mheshimiwa?") Ndugu Bupe, nimesema iko. (Bupe: "Ukisema iko, lazima useme iko wapi. Ndiyo Kiswahili.") Hicho ni Kiswahili chako. Kwetu Lubumbashi mtu anauliza, sukari iko? Unamjibu, iko. Hakuna anayeuliza imelala upande gani. Mimi nimesema njia iko, sikusema iko mahali, na naomba tusiingize siasa kwenye sarufi. (Kicheko upande wa kivuli. Mchungaji mmoja anakohoa.)

Nirudi kwenye takwimu, maana takwimu hazina kabila. Baraza liliwahoji wadau wote, yaani mimi na Secrétaire Général, na asilimia mia moja na kumi na mbili walisema ndiyo. Kisha nikapima njia yenyewe mimi binafsi, siku ya Jumanne, kwa kutumia app ambayo kijana wetu Glody wa duka la simu aliniwekea, app ya kisasa inayomfuata mwendesha baiskeli kila anapokwenda na kuandika kila kitu. Matokeo ninayo hapa. Urefu: kilomita tisa nukta sita. Muda: dakika kumi na tisa. Kasi ya wastani ilikuwa nzuri, na kasi ya juu kabisa ilikuwa kilomita themanini na moja kwa saa, tena nikiwa napanda mlima, jambo ambalo wataalamu bado wanalichunguza. Nilisimama ghafla mara ishirini na saba mahali pasipo na robot, hizi taa za barabarani. Jasho: hakuna. (Glody: "Président, hiyo Jumanne si ulikuwa ndani ya taxi? Nilikusindikiza mpaka kwenye kiti, karibu na dereva.") Eish, Glody. Hilo ni suala la kiufundi. App inaitwa ya baiskeli, mwenye app ni mimi, kwa hiyo kilichokwenda ni baiskeli. (Wazee wa Cato Manor wanacheka mpaka kiti kimoja kinaanguka.)

Mmenichangamsha. Sasa niwaambie ukweli kuhusu changamoto, kwa sababu kiongozi asiyesema changamoto ana kitu anaficha. Komiti ilichora ramani. Tuliichora vizuri, kwa rangi, na tukaweka njia upande wa kulia wa barabara, kama watu waliolelewa vizuri, kama Bujumbura, kama Lubumbashi. Tulipomaliza, dada yetu huyuhuyu Bupe akapita, akaangalia, akasema huku Afrika Kusini magari yanaenda kushoto, mtu wenu atakutana na lori uso kwa uso. Tulikaa kikao cha dharura. Tungefanya nini? Kuchora upya kungechukua wiki tatu, basi tukaigeuza karatasi. (Bupe: "Mkaigeuza tu?") Tukaigeuza, na kulia kukawa kushoto, tatizo likaisha. Ndiyo maana kwenye ramani rasmi Jacobs iko baharini na viwanda vyake vyote, na ufuko huu uko katikati ya maghala ya Clairwood. Hizo ni athari ndogo za kimazingira, tutazishughulikia Phase Two.

Kuhusu mlima. Nimesikia manung'uniko kwamba Bluff ni mlima, kwamba mtu akiupanda kwa pedali anafika saluni amekufa. Ndugu zangu, haya tumeyafikiria. Secrétaire Général ametuletea utaalamu kutoka kwao, unaitwa Mfumo Shirikishi wa Kupandia Mlima. Katika mfumo huu mwendesha baiskeli anatumia chombo chenye magurudumu kumi na manane, kinachotolewa bure na sekta binafsi. (Mama Huguette: "Lori?") Kwa lugha ya mtaani, lori. Linapita karibu, unashika nyuma, unatulia, linakuvuta. (Fabien anasimama: "Mimi nilifanya miaka tisa. Siri ni kuachia kabla halijateremka.") Asante, kaa. Sasa kule Burundi Fabien alikuwa anashika kwa mkono wa kushoto. Lakini hapa lori linakupita upande wa kulia, na swali la mkono gani limeigharimu komiti miezi minne. Tumeunda tume ndogo ya mkono wa kushoto na tume ndogo ya mkono wa kulia. Hadi jana zilikuwa hazisalimiani. (Mama Huguette: "Président, mi siwezi kushika lori. Mikono yangu ndiyo kazi yangu. Nionyeshe tu kesho napita wapi, nikifika pale chini kwa malori.")

Maman, nimekusikia, na kukusikia ni hatua ya kwanza ya ushirikishwaji. Nataka kila mtu hapa ajue kwamba ndani ya siku mia moja za kwanza, ambazo zitaanza kuhesabiwa tutakapokubaliana siku ya kwanza, njia hii itakuwa na mstari wa njano, vibao vya lugha nne, maji ya kunywa kila kilomita, na mahali pa kupumzika kwa ajili ya Président. Wako wanaouliza kwa nini leo siongozi msafara kwa baiskeli. Jibu ni kwamba kiongozi bora hatangulii wananchi wake. Pia nina goti. Pia sijawahi kujifunza, lakini hilo lisitoke hapa. (Sauti kutoka nyuma: "Limeshatoka.")

Naomba sasa tuinue mikono. Nikisema Njia, mnasema Iko. Njia! (Wengi: "Iko.") Njia! (Wachache: "Iko.") Njia! (Fabien: "Iko." Bupe: "Wapi.") Baiskeli moja, taifa moja! Mlima si kitu, lori lipo! Sharp!

Nihitimishe kwa shukrani. Nawashukuru wanakwaya, mliokaa kimya mpaka sasa. Namshukuru dereva wa taxi ya Jumanne, aliyepedali vizuri sana. Na kwa namna ya pekee nazishukuru ofisi za manispaa, wenye barabara, ambao wameonyesha uvumilivu mkubwa kuhusu mradi huu, kwa kuwa barua yetu ya kuuomba bado hawajaipata. Baraza lilipitisha kwa kauli moja kwamba barua ya kuomba njia ya baiskeli ipelekwe kwa baiskeli, ili mfano uwe mwema, na baiskeli inasubiri njia ifunguliwe. (Mama Huguette anavua kofia, anaivaa tena, anasogeza baiskeli mpaka mbele ya meza: "Kumbe hawajui hata kama tunaomba. Basi, Président, nipe hiyo barua. Bila njia kesho nitachelewa tu, na kiti kitaenda. Acha nichelewe nikiwa nimeipeleka. Nitakaa palepale ofisini mpaka waisome.")

Maman Huguette... Ndugu wananchi, mnaona sasa matunda ya uongozi. Mama huyu amejitolea mbele yenu nyote, na mimi kama Président naupokea uamuzi wake kwa mikono miwili. Barua ataipata. Ataipata leo hii, hapahapa, kabla hatujatawanyika. (Mama Huguette amenyoosha mkono. Président anapapasa mfuko wa koti, kisha mwingine, kisha anamwangalia Fabien, na Fabien anaangalia meli.)

Ndugu zangu, naomba kuuliza, na naomba msicheke. Nani ana kalamu?