Kabati la Ines Lililokwama Kwenye Ngazi Zetu

Sfax, Alhamisi asubuhi

Kwa Ndugu Moncef Chaabouni,
Mwenyekiti wa Kamati ya Wakazi,
Ghorofa ya pili, mlango wa kushoto

Ndugu Mwenyekiti,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na mama yako na mguu wake. Ningekuletea mwenyewe mkononi, maana kati ya mlango wangu na wako kuna vidato kumi na vinane tu, lakini kama unavyojua, kwenye kidato cha tisa kuna kabati. Nitaiteremsha kwa kikapu cha mkate.

Kwa ajili ya jalada la kamati, niseme kwanza mimi ni nani. Ni Nejiba Kammoun wa ghorofa ya tatu. Nilifundisha hesabu miaka thelathini na minne, na wewe ulikuwa dawati la pili, karibu na dirisha. Tangu nilipostaafu nacheza kwenye kishikwambi changu mchezo wa kusukuma masanduku. Kuna ghala, kuna masanduku, na kila sanduku lina alama yake ya kufikishwa. Sanduku husukumwa, halivutwi kamwe. Huu ni mwezi wa kumi na nne jina langu liko juu kabisa kwenye jedwali la alama, na nimetunga ngazi mia mbili na kumi na mbili ambazo watu wa mbali huzihangaikia. Kijana mmoja wa Brazil aliniandikia, "Mama, wewe huna huruma." Nimeichapisha na kuibandika kwenye friji.

Naomba kamati isichanganye ngazi ninazotunga na ngazi tunazopanda. Mimi mwenyewe siku hizi naona ni kitu kimoja, na hapo ndipo yanapoanzia malalamiko yangu.

Jumanne ya wiki iliyopita Ridha Gargouri wa ghorofa ya chini aligonga mlango wangu. Binti yake Ines anaolewa Jumamosi hii na Anis, watakaa ghorofa ya nne, na kabati la nguo la bibi harusi lilikuwa limefika: milango mitatu, kioo katikati, refu kuliko mwanamume yeyote wa jengo hili. Ridha alivua kofia akasema, "Mwalimu, mjuzi wa mambo haya ni wewe. Tunalipitishaje?"

Ni miaka sita tangu mtu agonge mlango wangu kuniuliza swali. Nilivaa miwani na viatu vyangu vya kazini.

Sasa kabati lina siku tisa kwenye ngazi. Yafuatayo ni malalamiko yangu.

1. Wachukuzi. Ridha alileta shemeji zake wawili, watu wa kubeba mapipa ya mafuta ya zeituni, ambao maishani mwao hawajahesabu msukumo hata mmoja. Nilisimama juu yao nikielekeza na kuandika. Kwenye msukumo wa thelathini na moja kabati liliingia kwenye kona likagoma. Yule mkubwa akasema, "Mama, tukilivuta nyuma kidogo tu linatoka." Nikamwambia hakuna kuvuta. Akauliza nani kakataza. Nikamwambia, kanuni. Akamtazama Ridha, Ridha akatazama viatu vyake. "Haya, kama ni kanuni," akasema, wakaenda kunywa chai. Chai hiyo haijaisha hadi leo.

2. Slaheddine. Jirani yangu wa mlango wa pili ana miaka sabini na miwili na kila asubuhi hutambaa chini ya kabati kwenda kununua gazeti. Kutambaa ni haki yake. Lakini akitambaa, mgongo wake hugusa kabati, na Jumamosi iliyopita nilipima kwa rula nikakuta limesogea milimita nne kuelekea ukutani. Kwa hiyo hesabu zangu zote za siku tatu zilikuwa za kabati la Ijumaa, ambalo halipo tena. Nilipomweleza akasema, "Mwalimu, nimerudi utotoni kwa ajili yako, na bado unataka nitambae kwa kunyooka?" Ndiyo. Nataka hivyo, na naomba kamati imwandikie.

3. Mapambo. Mbarka, mke wa huyo Slaheddine, hujitazama kwenye kioo cha kabati akifunga ushungi wake, na mtu ambaye sijamgundua ameweka juu ya kabati chungu cha yasmini. Mkate hupandishwa kwa kamba, dawa za presha kwa kamba, na Jumapili sinia nzima ya kuskusi ya samaki ilipita mbele ya dirisha langu ikielekea ghorofa ya nne, kila dirisha likichota kijiko chake. Mimi pia nilichota. Lakini nasema kwa dhati: tatizo ambalo halijatatuliwa halipambwi, wala watu hawali mbele yake. Watu wameanza kulizoea. Jumatatu nilimsikia Mbarka akimwambia mgeni, "Ukifika kwenye kabati, inama, sisi ni mlango wa kulia."

4. Heshima ya jengo. Nimezitunga ngazi zetu kuwa ngazi ya mia mbili na kumi na tatu, nikaipa jina "Ines," nikaitoa ichezwe. Watu mia tatu na arobaini wamejaribu. Hakuna aliyemaliza. Yule kijana wa Brazil alifika mbali kuliko wote, kisha akaandika, "Mama, jengo lenu lilichorwa na mtu asiyependa wageni." Tumeaibika hadi ng'ambo ya bahari, na kamati haijatoa hata tamko.

5. Ukuta wako. Juzi mchana nilipata jibu. Ni misukumo mia moja na kumi na saba, bila kuvuta hata mara moja. Linachohitaji ni kidogo. Milango yote ya ghorofa ya pili na ya tatu ing'olewe. Ukuta wa jiko lako, Ndugu Mwenyekiti, ubomolewe ili kabati lipate pa kugeukia. Mama yako, pamoja na kitanda chake, asogezwe sebuleni kwa misukumo ishirini na minane, kwa kuwa kabati litapita chumbani kwake mara mbili, kwenda na kurudi. Anaweza kuendelea kulala. Nilimteremshia mkeo Saloua mchoro. Alirudisha kikapu kikiwa na vipande sita vya makrudhi, vile vikeki vya tende, na kikaratasi kilichosema, "Mwalimu, tunafikiria." Nimesahihisha madaftari miaka thelathini na minne. Najua maana ya mtu kuandika kwamba anafikiria.

6. Ghorofa ya nne. Ukuta ukishindikana, ipo njia nyingine ambayo watunzi tunaijua: sanduku lisipofika kwenye alama, unahamisha alama. Napendekeza kamati itangaze rasmi kwamba kidato cha tisa ndicho ghorofa ya nne. Ines na Anis wahamie hapo. Wageni wa harusi wajipange kwenye ngazi, wanawake juu, wanaume chini, na samaki ambaye maharusi humruka kwa desturi yetu alazwe kidato cha nane. Anis ni mrefu, itabidi aruke akiwa ameinama. Nilimweleza Ines yote haya juzi. Alinisikiliza hadi mwisho, akanishika mkono, akasema, "Sawa, Mwalimu. Tuna hadi Alhamisi." Sikuelewa kwa nini Alhamisi, lakini nilifurahi kwamba alikuwa amesikiliza. Darasani hakuwa hivyo.

7. Wewe mwenyewe. Hili nimeliweka mwisho kwa sababu linaniuma. Siku tisa sasa kila jioni unaupita mlango wako na kutambaa chini ya kabati, mkoba wa kazini umeung'ata kwa meno, na kila ukitokea upande wa pili unainua kichwa na kuuliza, "Mwalimu, tumefikia wapi?" Nakueleza. Unasikiliza kila kitu, mpaka suti yako inachafuka kwa kuegemea ukuta. Halafu unatabasamu. Mwenyekiti hatabasamu katika hali ya dharura. Ama ujiuzulu, ama uje na nyundo.

Naomba majibu ya maandishi kabla ya sala ya Ijumaa. Nakala ya barua hii, pamoja na michoro kumi na mitatu, nitampelekea mkuu wa mtaa, na asipojibu nitapanda ngazi za juu zaidi, kama zitapitika.

Nisalimie mama yako na umwambie ajiandae. Nisalimie Saloua na mikono yake ya mapishi. Msalimie Slaheddine, ukikutana naye huko chini, na Mbarka, na Ridha, na wale shemeji zake popote wanaponywea chai. Msalimie na mpiga kinanda wa harusi, umwambie aje na kinanda kidogo.

Mimi mwalimu wako, ambaye havuti,

Nejiba Kammoun

Nyongeza: Nilikuwa nimeshaifunga bahasha na kuitia kikapuni Ines alipogonga mlango. Magoti yake yalikuwa na vumbi na mkononi alishika bisibisi. Akasema polepole, kama mtu anayezungumza na mgonjwa, "Mwalimu, kabati lina skrubu. Linafunguka lote."

Nikamuuliza amelijua hilo tangu lini. "Tangu dukani." Nikamuuliza nani mwingine anajua. Akaangalia kikapuni, akasoma jina lako kwenye bahasha. "Wote, Mwalimu. Mwenyekiti ndiye aliyetuomba tusubiri. Alisema hajakusikia ukiongea kwa sauti hiyo tangu alipokuwa darasani kwako, na harusi ni Jumamosi, kwa hiyo hadi Alhamisi hakuna haraka. Hata baba alikubali. Hata wajomba."

Nilikaa kidogo kwenye kiti cha mlangoni. Halafu nikashuka kumshikia skrubu. Slaheddine alishika kioo, Mbarka akaondoa chungu chake cha yasmini, na kwa dakika kumi na tisa kazi ilikwisha. Vipande viko ghorofa ya nne na njia iko wazi. Ines alisema skrubu ni ishirini. Nimezihesabu mara mbili, ni ishirini na moja, na ameniomba nipande kesho nimsaidie kuliunganisha upya, kwa sababu hakuna anayejua mbao zipi zinatangulia.

Malalamiko namba moja hadi saba nayaondoa. Ukuta wa jiko lako ubaki ulipo na mama yako alale. Ningeichana barua hii, Moncef, lakini humu ndani mna jibu la misukumo mia moja na kumi na saba, nalo ni sahihi.